Rehani ya Nani? Yusuf na Hamza, Vijana Wawili wa Abdulrazak Gurnah

  

Somo letu la fasihi mwaka huu linahusu vijana wawili ambao hawakuwahi kuishi duniani, lakini ambao ukikaa nao kwa muda unaona kama umewahi kuwakuta barazani. Wote wawili wameandikwa na mtu mmoja, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja mwaka 1948, aliyekwenda Uingereza akiwa kijana katika miaka ya 1960 baada ya Mapinduzi, akafundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, na mwaka 2021 akawa Mtanzania wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Kijana wa kwanza ni Yusuf, wa riwaya ya Paradise iliyotoka mwaka 1994. Riwaya hiyo imeshafasiriwa kwa Kiswahili na Dkt. Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, hivyo hata asiyejua Kiingereza anaweza kuisoma. Wa pili ni Hamza, wa riwaya ya Afterlives iliyotoka mwaka 2020.

Huenda mtu akauliza: hadithi za kubuni zina faida gani kwa mwanafunzi wa madrasa? Jibu ni kwamba Qurani yenyewe imetusimulia visa, na mwishoni mwa Suratu Yusuf tunaambiwa kuwa katika visa hivyo mna mazingatio kwa wenye akili. Hadithi ya kubuni haifikii daraja hilo hata kidogo. Lakini anayezoea kutafuta mazingatio atayaona hata katika kitabu cha mwanadamu, mradi asome kwa uangalifu.

1. NENO REHANI

Kabla ya kuwaeleza vijana hawa, tulijue vizuri neno rehani, kwa sababu ndilo lililowafunga wote wawili.

Rehani ni neno la Kiarabu, na hukumu yake imo katika Suratul Baqara, aya ya 283. Aya iliyotangulia, ya 282, inaamrisha deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Kisha aya ya 283 inasema kwamba mkiwa safarini na msipate mwandishi, basi itolewe rehani mkononi. Na kabla ya zote hizo, aya ya 280 inatutaka tumpe muda mdaiwa mwenye dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliweka rehani deraya yake, yaani vazi la chuma la vitani, kwa Myahudi wa Madina ili apate shayiri ya watu wa nyumbani kwake. Tazama kilichowekwa: ni kitu, ni mali inayoweza kuuzwa likishindikana deni. Ndiyo sababu mafakihi wakasema kwamba mtu huru hawi rehani, kwa kuwa si mali ya mtu. Na imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake.

Tuliweke hilo akilini, kisha tuingie kwa Yusuf.

2. YUSUF: MTOTO ALIYEPANDA TRENI KWA FURAHA

Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa, mji wa bara uliochangamka Wajerumani walipojenga reli, kisha ukapoa. Mara kwa mara hupita tajiri mmoja wa pwani na msafara wake, naye Yusuf amefundishwa kumwita Ami Aziz. Kila ami anapoondoka humpa Yusuf sarafu. Siku moja wazazi wanamwambia kuwa safari hii ataondoka na ami. Mtoto anapanda treni akiwa na furaha ya safari.

Anapofika pwani, Khalil, kijana anayeuza duka la tajiri huyo, anamwambia ukweli ambao baba hakuusema. Huyu si ami yako, ni Seyyid. Baba yako anadaiwa, akashindwa kulipa, na wewe ndiye rehani. Khalil anajua, kwa sababu na yeye aliletwa hivyo hivyo.

Basi Yusuf anakua dukani. Nyuma ya ukuta iko bustani nzuri yenye mabwawa ya maji na miti ya matunda, na humo anafanya kazi Mzee Hamdani, aliyekuwa mtumwa. Mzee huyu aliwahi kupewa uhuru kama zawadi akakataa, kwani aliona kuwa uhuru si kitu ambacho mtu mwingine anacho mfukoni hata amgawie.

Baadaye Seyyid anamchukua Yusuf safarini na kumwacha mji wa mlimani kwa mfanyabiashara aitwaye Hamid. Huko likatokea jambo ambalo wanafunzi wetu wanapaswa kulitazama kwa makini. Ikabainika kuwa kijana huyu mkubwa hajui kusoma Qurani. Katika miaka yote ile ya kuhesabu vibaba na kubeba magunia, hakuna aliyejali kumfundisha. Hamid alishtuka sana. Yusuf akapelekwa chuoni kukaa pamoja na watoto wadogo. Aibu ilimpata, lakini alisoma kwa bidii akaweza.

Kisha ikaja safari kubwa ya bara, yenye maradhi, hongo na vifo, mpaka kwa mtawala Chatu aliyewanyang'anya mali yao yote. Waliporudi pwani, mke mkubwa wa Seyyid, aliyekuwa na maradhi usoni, akadai kuwa dua ya kijana huyu itamponya, kisha moyo wake ukamwelekea. Yusuf alipokimbia, shati lake likachanika kwa nyuma. Kila aliyesoma Suratu Yusuf, aya ya 25 mpaka ya 28, atakijua mara moja kisa ambacho mwandishi alikikusudia. Hatumlinganishi Nabii na mtu wa kubuni, lakini mwandishi ametaka tukumbuke.

Shati lilimwokoa na tuhuma, ila halikumwokoa na rehani. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na deni bado lipo. Mwisho wa kitabu, wakati vita vya Wajerumani na Waingereza vinakaribia, askari wa Kijerumani wanapita mjini wakikamata watu wa kuwabebea mizigo. Yusuf na Khalil wanajificha dukani. Askari wanapoondoka, Yusuf anaona mbwa wakila uchafu ulioachwa na watu, na moyoni anajiona yeye hana tofauti nao. Anasikia mlango wa bustani ukifungwa kwa komeo nyuma yake. Anatazama huku na huku, kisha anakimbia kulifuata jeshi lile lile alilokuwa amelikimbia. Kitabu kinaishia hapo.

3. HAMZA: MTU ALIYERUDI AKICHECHEMEA

Miaka 26 baadaye Gurnah akatoa Afterlives. Ndani yake yumo kijana aliyejitolea mwenyewe kuingia jeshi la Wajerumani. Tunapoendelea kusoma tunajua kwamba baba yake alimtoa kwa tajiri kwa ajili ya deni, akakaa dukani na kijana mkubwa kuliko yeye, kisha akatoroka. Jina lake si Yusuf, na mwandishi hasemi kuwa ni yeye. Lakini msomaji wa Peponi anahisi kama kwamba mlango uliofungwa mwaka 1994 umefunguliwa tena, na yule kijana anatoka upande wa pili.

Jeshini Hamza anagundua kuwa amehama kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine. Ofisa mmoja anamfanya mtumishi wake na kumfundisha Kijerumani. Ni mtu wa ajabu: leo mpole, kesho mkali. Mwishoni mwa vita, mwanajeshi mwingine wa Kijerumani anamkata Hamza kwa upanga kwa hasira. Anatibiwa kwenye misheni, na baada ya vita anarudi katika mji wa pwani aliowahi kuishi, hana ndugu, hana fedha, na mguu unachechemea.

Hapo ndipo hadithi yake inapoachana na ya Yusuf. Anapata kazi kwa mfanyabiashara Nassor Biashara, kwanza ghalani, kisha kwenye karakana ya mbao chini ya fundi mkuu, Mzee Sulemani, mtu mtulivu ambaye kazi ya mikono yake nyingine ni kudarizi kofia. Karani mmoja mwenye maneno mengi na moyo mwema, Khalifa, anampa chumba nyumbani kwake. Humo anakutana na Afiya, msichana aliyelelewa na Khalifa. Wanaoana na kupata mtoto.

4. WANAPOFANANA

Kwanza, wote wawili walitolewa na baba zao kwa deni ambalo wao hawakulikopa.

Pili, hawakuambiwa. Udanganyifu huo uliumiza kuliko kazi yenyewe. Mtoto anaweza kuvumilia ufukara akielezwa. Ni vigumu kuvumilia kugundua kuwa ile sarafu ya ami ilikuwa mkononi mwa mdai.

Tatu, hawakupewa hesabu. Yusuf haambiwi deni ni kiasi gani wala litakwisha lini. Linganisha na aya ya 282, inayotaka deni dogo na kubwa liandikwe pamoja na muda wake. Rehani isiyo na hesabu haina mwisho.

Nne, wote wawili walikimbilia jeshi la wakoloni. Si kwa sababu walimpenda Mjerumani. Walitafuta mahali popote ambapo hawatakuwa kitu cha mtu, wakaingia mahali pabaya zaidi.

5. WANAPOTOFAUTIANA

Tulipolisoma somo hili darasani, mwanafunzi mmoja alisema: "Mwalimu, na mimi ningekimbia." Wenzake wakacheka, lakini hakuwa anatania. Nikawauliza wote: tofauti ya Yusuf na Hamza ni nini, ikiwa wote walikimbia? Tulikaa na swali hilo vipindi viwili.

Wengine walisema Hamza alikuwa jasiri zaidi. Sivyo. Yusuf alikuwa jasiri: alikwenda kumkabili Seyyid. Wengine walisema Hamza alikuwa na bahati. Hilo lina ukweli kidogo, lakini halitufundishi kitu. Ukitazama vizuri utaona mambo matatu.

La kwanza ni kupokewa bila rehani. Khalifa hakumjua Hamza. Hakuuliza mdhamini wala hakumshikia kitu. Alimnung'unikia tu kwamba hasemi habari zake, kisha akamwachia chumba. Kwa mtu ambaye utotoni aligeuzwa dhamana, kuaminiwa bila dhamana ni dawa. Na kumbuka kuwa Khalifa mwenyewe anaishi katika nyumba iliyopotea kwa rehani. Mkewe, Bi Asha, ni binti wa mtu aliyekufa akiwa na deni kwa tajiri, ikachukuliwa nyumba. Bi Asha alibaki na uchungu. Khalifa alibaki na huruma. Deni lile lile, mioyo miwili.

La pili ni ufundi. Dukani kwa Seyyid, Yusuf alijifunza kuuza mali ya mtu. Kwa Mzee Sulemani, Hamza alijifunza kutengeneza kitu kwa mkono wake, na fundi akamtambua. Mtu mwenye ufundi ana kitu ambacho mdai hawezi kukifungia ghalani. Na aliporudi mjini Hamza aliingia msikitini, akakaa miongoni mwa watu, jambo ambalo maisha ya vita yalimnyima. Safu ya sala haimuulizi mtu deni la baba yake.

La tatu ni kusema. Hamza alikuwa mtu wa kimya. Lakini kwa Afiya alifungua kinywa akaeleza alitoka wapi, nani alimtoa, na nini kilimpata. Yusuf hakupata mtu wa namna hiyo. Khalil alimpenda, lakini Khalil na yeye ni mfungwa. Hata aliporuhusiwa kuondoka alibaki, kwa ajili ya Amina, msichana aliyelelewa naye kama dada yake, ambaye Seyyid alimuoa. Mfungwa anaweza kumfariji mfungwa mwenzake, ila ufunguo hana.

Hivyo basi, jibu nililompa yule mwanafunzi ni hili: kukimbia peke yake hakumkomboi mtu. Yusuf alikimbia, hadithi ikaisha. Hamza alikimbia pia, na vita vikamvunja. Kilichomkomboa ni kufika mahali alipopokewa, akapata kazi ya halali, na akasema ukweli wake.

Lakini tusidanganyane kwamba alipona kabisa. Usiku aliota ndoto mbaya. Na mtoto wao, Ilyas, alisumbuliwa na sauti aliyoisikia yeye tu, kana kwamba jeraha la wakubwa lilikuwa limehamia kwake. Hapo mwandishi anatuonya: deni la baba linaweza kulipwa kwa fedha, lakini alama yake ikaonekana hadi kwa mjukuu.

6. MKONO WA AFIYA

Siwezi kumaliza bila kuwaambia wasichana wetu habari ya Afiya. Akiwa mtoto aliishi na watu waliomlea kama kijakazi. Kaka yake alimfundisha kusoma na kuandika. Yule aliyejiita ami wa Afiya alipojua, alikasirika, akampiga hadi akamvunja mkono, kwa hoja kwamba mtoto wa kike ataandika nini.

Afiya aliandika. Alipata kipande cha karatasi, akaandika maneno machache ya kuomba msaada, akampelekea Khalifa. Khalifa akaja kumchukua. Basi kile alichopigwa kwa ajili yake ndicho kilichomwokoa. Mzazi anayesita kumpeleka binti yake chuoni na shuleni na aikumbuke karatasi ile.

7. MAMBO HAYA NA KWETU

Gurnah hataji Kilwa kuwa mji wa Yusuf wala wa Hamza. Lakini sisi wa Kilwa na Lindi tunaijua njia waliyopita. Misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilishukia Kilwa Kivinje ikiwa na pembe na watumwa. Wenye misafara walikopa mali kwa matajiri wa pwani na Unguja, na katika miaka ya njaa za karne ya 19 watu wa Mrima waliwahi kuweka jamaa zao rehani ili wapate chakula. Utumwa haukufutwa na Wajerumani. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Na jeshi lile ambalo vijana hawa walilikimbilia tunalijua pia. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895 kwenye mti unaokumbukwa kwa jina la Mwembe Kinyonga. Vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi, Julai 1905. Na katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Oktoba 1917, huko Mahiwa, si mbali na mji wa Lindi, Wajerumani na Waingereza walipambana kwa siku nne, na wengi waliopigana na kubeba mizigo pande zote mbili walikuwa Waafrika. Akina Hamza wa kweli walirudi vijijini wakichechemea, bila kuandikwa kitabu.

Leo hakuna anayesema kuwa amemweka mtoto wake rehani. Lakini tujiulize kwa uaminifu. Mkulima anapouza korosho zake kwa kangomba zikiwa bado ua, kwa bei ya dhiki, halafu msimu ukaisha hana ada wala chakula, ni nani anayeachishwa masomo? Mtoto anapopelekwa mjini kwa "mjomba" ambaye si mjomba, akiambiwa anakwenda kusoma, kumbe anakwenda kufua na kulea watoto wa watu, huyo ana tofauti gani na aliyepanda treni pale Kawa? Si kila anayelelewa kwa jamaa anadhulumiwa. Kulea mtoto wa ndugu ni sunna njema katika pwani yetu. Tofauti iko katika ukweli: je, mtoto ameambiwa? Je, anasoma? Je, mzazi anakwenda kumtazama?

8. MAZINGATIO

1. Deni liandikwe, hata baina ya ndugu, na muda wake ujulikane.
2. Anayemdai mtu mwenye dhiki ampe nafasi, wala asitazame watoto wake.
3. Mzazi mwenye shida amwambie mtoto ukweli kwa kadiri ya umri wake.
4. Kijana ajifunze dini na ufundi mapema. Na aliyechelewa asione haya kukaa na wadogo, kama Yusuf alivyokaa kwa Hamid.
5. Mgeni asiye na mtu akija mtaani kwetu, tumpokee kama Khalifa alivyompokea Hamza.

MASWALI YA KUJADILI

(a) Kwa nini Mzee Hamdani alikataa uhuru aliopewa? Je, alikuwa sahihi?
(b) Khalil aliweza kuondoka lakini akabaki. Je, huo ni udhaifu au ni uaminifu?
(c) Baba yake Yusuf alikuwa na njia gani nyingine? Jibu kwa kutumia aya ya 280 na ya 282 za Suratul Baqara.
(d) Waulize wazee wa nyumbani kwenu kama wanakumbuka habari za mtu aliyewekwa rehani au aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita. Andika ulichosikia, ukisome mbele ya wenzako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atukidhie madeni yetu, atuhifadhie watoto wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosoma wakazingatia. Amin.

Wabillahi tawfiiq.